Nyuzi Mbili za Cherehani

Ufipa ni nchi ya juu. Imekaa baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa machweo na Rukwa upande wa mawio ya jua, na mji wake mkubwa, Sumbawanga, umeinuka mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya Mbizi. Mtu atokaye pwani akifika huko mwezi wa Juni au wa Julai hujikunyata asubuhi kwa baridi, na upepo wa uwanda hupenya hata ndani ya koti. Kwa hiyo mtu wa Ufipa haulizi tu kama nguo ni nzuri. Huuliza pia kama imeshonwa barabara. Mshono ukiachia kwapani wakati wa Julai, mwenye nguo hutambua mara moja, wala hana haja ya kioo.

Ufundi wa nguo si jambo geni katika nchi hiyo. Kabla ya vitambaa vya viwandani kufika, Wafipa na jirani zao walifuma nguo zao wenyewe kwa pamba, ambayo ilistawi hasa kule chini katika bonde la Rukwa, penye joto. Kitambaa hicho kiliitwa seketa. Wasafiri waliopita pande hizo katika nusu ya pili ya karne ya 19 waliwaona watu wakisokota na kufuma, nao wakaandika habari zao. Pamba ilichambuliwa mbegu, ikasokotwa kwa mkono hata ikawa uzi. Kisha nyuzi nyingi zikatandwa sambamba, ndizo ziitwazo mtande. Na uzi mwingine ukapitishwa kati yake, kwenda na kurudi, juu ya huu na chini ya ule, ndio uitwao mshindio. Kazi hiyo ilitaka siku nyingi na mgongo wenye subira. Mtande pasipo mshindio ni kamba tupu zilizolala. Mshindio pasipo mtande hauna mahali pa kushika. Jambo hili likumbukwe, maana litarudi tena hapo cherehani itakapofunguliwa na kutazamwa ndani.

Watu hao hao walijua pia kuyeyusha chuma katika tanuru za udongo zilizozidi kimo cha mtu. Basi asidhani mtu kwamba ufundi uliingia Ufipa pamoja na vitu vya kigeni. Kilichoingia ni bei ndogo. Mwaka wa 1833 Sultani Said wa Maskati na Unguja alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na kitambaa kigumu cha pamba kilichotoka huko kikapendwa sana katika Afrika ya Mashariki hata kikaitwa amerikani. Wachukuzi walikibeba vichwani na mabegani mpaka bara. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka wa 1861 hata 1865, vilipoipunguza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikashika nafasi yake. Mfumaji wa seketa aliyetumia siku nyingi kwa nguo moja hakuweza kushindana na kiwanda kilichotoa majora kwa maelfu. Hakuna aliyemkataza kufuma. Alizidiwa tu, mwaka baada ya mwaka, na katika karne ya 20 ufundi wake ukafifia. Vitambaa hivyo vya nje vilipokwisha kuenea, ikaja na mashine ya kuvishona.

Jina lenyewe la cherehani lina asili ya Kiajemi, nalo ni ndugu wa neno cherehe, yaani gurudumu la kunolea visu. Kwa lugha hiyo charkh ni gurudumu. Jina hili linafaa, kwa sababu kila kitu katika mashine hii huanza kwa gurudumu. Lakini gurudumu lilikuwa rahisi kubuni. Lililowasumbua wavumbuzi kwa muda mrefu lilikuwa uzi.

Huko Ufaransa alikuwako fundi mshonaji aliyeitwa Barthélemy Thimonnier. Mwaka wa 1830 alipewa hati ya serikali ya kuilinda mashine yake ya kushonea, na baada ya muda mfupi mashine zipatazo 80 zilikuwa zikishona sare za askari katika karakana moja mjini Paris. Mafundi wa mji walipoona hivyo walishikwa na hofu: kama mashine moja hushona kazi ya watu kadhaa, wao na watoto wao watakula nini? Mwaka wa 1831 wakajikusanya, wakaingia karakana ile, wakazivunja mashine. Thimonnier alijaribu tena na tena, lakini alikufa maskini mwaka wa 1857. Ni vigumu kuwacheka wale mafundi. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na mfumaji wa seketa, kama angalisikia habari zao, angalizielewa bila mkalimani.

Mashine ya Thimonnier ilishona kwa uzi mmoja tu, ambao sindano yenye ndoana iliuvuta ukawa vitanzi vilivyoshikana kama mnyororo. Mshono wa namna hiyo kila mtoto wa Ufipa ameuona, kwa maana ndio unaofunga mdomo wa mifuko ya mbolea na ya sembe. Ukishika uzi upande wake na kuuvuta, mdomo wote hufunguka kwa sauti ya trrr, nao ni mchezo unaopendeza. Lakini haupendezi ukitokea katika kaptura, tena njiani.

Aliyeleta uzi wa pili akafanikiwa ni Elias Howe wa Marekani, aliyepewa hati mwaka wa 1846. Sindano ya mkono ina tundu nyuma, upande wa mbali na ncha. Sindano ya Howe ilikuwa na tundu karibu na ncha yenyewe. Ilitoboa kitambaa ikipita na uzi wake, na upande wa pili kijiti chenye uzi mwingine kikapita ndani ya kitanzi, mfano wa mfumaji anapopitisha mshindio. Mwaka wa 1851 Isaac Merritt Singer, naye wa Marekani, alipata hati ya mashine yenye sindano iliyosimama wima, iliyoweza kuendeshwa kwa mguu. Howe alimshitaki kwa kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa, akashinda, na Singer akalipa. Hata hivyo jina la Singer ndilo lililoenea duniani, kwa sababu kampuni yake ilikubali watu walipe kidogo kidogo. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, katika Uskoti, kilifunguliwa mwaka wa 1885 na kufungwa mwaka wa 1980. Siku hizi cherehani nyingi za kanyagio zinazouzwa katika Tanzania hutoka China, na baadhi yake zimeiga umbo la Singer ya kale. Fundi aliyejifunza kwa moja haoni taabu kwa nyingine.

Basi sasa cherehani na ifunguliwe. Sindano hushuka na uzi wa juu, hupenya kitambaa, hufika chini kabisa. Inapoanza kupanda tena, uzi ulio ubavuni mwake haupandi mara ile ile, bali hulegea kidogo na kufanya kitanzi. Hapo hapo kulabu iliyo chini ya bamba hukidaka kitanzi hicho, hukipanua, na kukizungusha kote kuipita bobini, ambayo ndiyo yenye uzi wa chini. Kisha ule mkono mdogo wa juu, unaopanda na kushuka mbele ya macho ya mshonaji, huuvuta uzi wa juu na kuukaza. Nyuzi mbili zimekwisha kukumbatiana. Sindano ikiwa imetoka, meno madogo yaliyo chini ya kitambaa huinuka, hukisukuma mbele hatua moja, kisha huzama. Ndipo sindano hushuka tena. Hayo yote hutendeka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mguu ukizoea hutendeka mara mia kadhaa kwa dakika moja.

Katika mshono ulio mwema, nyuzi hizo mbili hukutana ndani ya kitambaa, katikati ya unene wake, wala fundo halionekani juu wala chini. Hiyo ndiyo siri yote ya cherehani. Karibu kila kosa la mwenye kuanza, uzi ukikatika, ukijisokota, ukiruka au ukilegea, ni namna moja ya nyuzi mbili kushindwa kukutana mahali pao.

Katika Sumbawanga, kama katika miji mingine ya Tanzania, mafundi wengi hukaa katika baraza za maduka, na kijana atakaye kujifunza huenda kuketi karibu nao. Wengine hujifunza katika vyuo vya ufundi stadi, wengine kwa mama zao nyumbani. Popote ajifunzapo, siku ya kwanza huwa na huzuni kidogo, kwa sababu hapewi kitambaa.

"Kanyaga, mwanangu," fundi humwambia, "lakini usishone."

"Nikanyage bure, fundi?"

"Bure hivyo hivyo. Mguu wako haujajua kazi, nao ukishika kazi usiyoijua, mkono utalipa."

Kisha fundi huilegeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, ili gurudumu lizunguke peke yake na sindano isimame. Mwanafunzi huweka miguu yote miwili juu ya kanyagio, mmoja mbele kidogo kuliko mwingine, na kukandamiza kwa vidole na kwa kisigino kwa zamu. Jambo hili huonekana dogo. Lakini ajaribuye mara ya kwanza huona gurudumu likienda mbele mara mbili, likisita, kisha likirudi nyuma. Lirudipo nyuma ilhali uzi umo, kulabu huuvuruga na kuukata, na chini ya bamba hujaa nyuzi kama kiota cha ndege. Gurudumu sharti lizunguke kumwelekea mshonaji daima. Dawa yake ni hii: mkono wa kulia hulianzisha gurudumu kwa kulivuta kwake, na miguu hufuata mwendo huo badala ya kuutangulia. Wako wanaoelewa kwa saa moja, na wako wanaohitaji siku tatu. Anayejua kwenda na pigo la ngoma kwa kawaida huelewa upesi.

Mguu ukiisha kutulia, skrubu hukazwa, na mwanafunzi hupewa karatasi ya daftari yenye mistari. Bado hakuna uzi. Hutumiwa sindano kuukuu, maana karatasi hufanya ncha kuwa butu. Mwanafunzi huifuata mistari kwa matundu, ukurasa mzima, kisha huinua karatasi kuelekea mwangaza wa mlango na kujihukumu mwenyewe: matundu yakienda kama njia ya nyoka, huanza ukurasa mwingine. Wengi hukosa kwa sababu huikodolea macho sindano. Sindano hupanda na kushuka tu, haina habari ya kumwambia mtu. Jicho litazame ukingo wa ule mguu wa chuma unaobana kitambaa, na kupima umbali kati yake na mstari. Fundi mzoefu huweza kushona na kuzungumza na mpita njia, na mshono usipinde, kwa kuwa jicho lake huurudia ukingo huo bila yeye kujua.

Kosa la pili la karatasi ni kuivuta. Mwenye kuanza hudhani kwamba cherehani hungoja msaada wake, naye hukokota kwa mkono wa nyuma na kusukuma kwa mkono wa mbele. Sindano iliyo ndani ya kitambaa kinachovutwa hupinda, hugonga bamba la chuma, huvunjika, na kipande chaweza kurukia usoni. Kukisogeza kitambaa ni kazi ya meno. Mikono huwekwa bapa, mmoja huku na mmoja huku, kama ya mtu anayelainisha shuka kitandani, na vidole visikaribie sindano. Sindano ya cherehani haitofautishi kitambaa na kidole.

Ndipo uzi hutungwa, na hapa pana mambo ambayo mtu akiyajua hataazima msaada kila asubuhi. Sindano ya cherehani ina ubavu mmoja uliopigwa bapa pale juu inaposhikwa, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka mpaka tunduni. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji, kwa kuwa mfereji ndio njia yake wakati wa kushuka. Sindano ikigeuzwa, kitanzi hujifanya upande usio na kulabu, na cherehani itapiga matundu mpaka jioni pasipo kushona kitu. Tena wakati wa kutunga, mguu wa cherehani uwe umeinuliwa, ili vile visahani viwili vinavyobana uzi wa juu viachane na kuupokea katikati yao. Kisha uzi wa juu huteremshwa mara moja kwa kulizungusha gurudumu kwa mkono, nao hurudi juu umeuchukua uzi wa chini. Nyuzi zote mbili hulazwa nyuma ya mguu, mguu hushushwa, na katika hatua tatu za kwanza ncha zake hushikwa kwa kidole. Asiyezishika hupata kiota kile kile cha ndege.

Mwalimu mwenye hekima hatii uzi wa rangi moja. Hutia mweusi juu na mweupe chini, na kitambaa cha rangi nyingine kabisa, kwa mfano kipande cha kaki. Baada ya shubiri moja ya mshono mwanafunzi hukigeuza kipande na kutazama pande zote mbili. Akiona juu weusi mtupu na chini weupe mtupu, nyuzi zimekutana katikati. Akiona vidoto vyeupe vikichungulia upande wa juu, uzi wa juu umebanwa mno, nao unamnyanyua mwenzake. Akiona vitanzi vyeusi vimening'inia upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Jambo la mwisho huwadanganya wanafunzi wengi: ubaya wanauona chini, basi huikimbilia bobini, huifungua, hulegeza skrubu yake ndogo isiyopenda kuguswa, hata wakaharibu na kile kilichokuwa kizima. Kumbe ubaya uonekanao chini mara nyingi hutoka juu.

"Fundi, inatoa vitanzi chini."

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Vema. Basi uzi wote wa juu uutoe, uutunge upya tangu mwanzo, mguu ukiwa juu. Skrubu uiache."

Na kwa kawaida hilo hutosha, kwa sababu uzi ulikuwa umeponyoka kati ya visahani, nao ulipita njiani pasipo mtu wa kuuzuia.

Mistari iliyonyoka ikipatikana, hufuata pembe na mviringo. Penye pembe, mwanafunzi husimama sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, huinua mguu wa cherehani, hukigeuza kitambaa kwa kuizunguka sindano, hushusha mguu, huendelea. Sindano ikiwa nje, kitambaa huteleza na pembe huvunjika. Mviringo hauna hila ila mwendo wa polepole. Baada ya hayo huja pindo, kisha mfuko wa kuchukulia madaftari, kisha foronya, ambayo ni kazi nzuri sana ya mwanzo, kwa maana ni mistari mitupu na mtu akikosea hulala juu ya kosa lake bila kuonekana.

Lakini wakati wa hatari bado haujafika. Kushona vibaya ni taabu inayofumuliwa: mshono hufumuliwa kwa ncha ya wembe, uzi hutupwa, kazi huanza tena. Mkasi hauna kufumua. Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi huja barazani na vitambaa vya sare, na katika shule nyingi ni shati jeupe pamoja na kaptura au sketi ya bluu. Mama aliyeuza madebe ya mahindi apate kitambaa hicho hana kingine nyumbani. Mwanafunzi wa cherehani akikikata vibaya, si yeye atakayekwenda shule na kaptura ya mwaka jana iliyotoboka.

Kwa hiyo mafundi walio waaminifu huwaachia wanafunzi wao cherehani mapema, lakini mkasi huwaachia baadaye sana. Kwanza kitambaa cha pamba huloweshwa na kuanikwa, kwa sababu vingi hunywea maji ya kwanza. Nguo iliyokatwa kabla ya kuloweshwa humwenea mtoto siku ya kwanza tu. Kisha hutafutwa mtande. Hata kitambaa cha kiwandani kina mtande na mshindio kama ilivyokuwa seketa, na mtande huenda sambamba na ule ukingo mgumu usiofumuka. Ukikivuta kitambaa kwa upande wa mtande, hakinyumbuki sana. Ukikivuta kwa upande wa mshindio, hulegea zaidi kidogo. Ukikivuta kwa mshazari, hurefuka kama mpira. Vipande vya suruali hukatwa urefu wake ukifuata mtande. Fundi anayebana kitambaa na kukata kwa mshazari ili apate vipande vingi huwapa watu nguo zinazojizungusha mwilini baada ya kufuliwa mara mbili, hata mshono wa pembeni ukafika mbele ya goti.

Vipimo huchukuliwa kwa futikamba na kuandikwa, wala haviwekwi kichwani, maana barazani watu hupita na kusalimu, na salamu moja ndefu hufuta namba tatu. Chaki huchora mstari wa kushonea, na nje yake huachwa nafasi ya sentimita moja na nusu hivi. Kwa mtoto anayekua huachwa zaidi katika pindo la chini. Halafu kitambaa hukunjwa mara mbili, uso kwa uso, ndipo hukatwa vipande viwili kwa mkasi mmoja. Asiyekunja, akakata kipande hiki leo na kile kesho kwa kielelezo kile kile bila kukigeuza, hujikuta na miguu miwili ya kushoto. Kila baraza lina kisa chake cha kaptura ya namna hiyo. Watu hukisimulia wakicheka, ila aliyekilipia kitambaa.

Kabla ya cherehani kugusa nguo ya kwanza ya kweli, vipande hupigwa bandi kwa mkono, kwa hatua kubwa kubwa, na mwenye nguo huvishwa. Wanafunzi huiona kazi hii kuwa ya zamani na ya uvivu, kwa kuwa wamekwisha kuonja mbio za mashine. Lakini bandi hufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja, na mtoto aliyevishwa huinama, huinua mikono, huchuchumaa, na kitambaa chenyewe husema panapobana. Fundi huhamisha pini, huchora mstari mpya. Dakika kumi za bandi zimeokoa vitambaa vingi.

Cherehani nayo ina haki yake. Mafuta yake ni yale mepesi yauzwayo kwa ajili yake, tone moja moja katika kila tundu, kisha mashine huendeshwa tupu kidogo na kufutwa. Mtu akitia mafuta ya kupikia kwa kubana matumizi, hukauka yakawa kama gundi, na asubuhi ya baridi ya Julai gurudumu halitaki kuzunguka. Mwenye cherehani hukanyaga kwa nguvu, mkanda wa ngozi huteleza, na lawama humwangukia mkanda. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Ufipa huleta vumbi, nalo likichanganyika na manyoya ya uzi hujaza nafasi kati ya meno hata yasiweze kuinuka. Kila juma bamba hufunguliwa na pale chini hufagiwa kwa brashi ndogo. Mkanda ukirefuka kwa kutumika hukatwa kipande kidogo na kuunganishwa tena kwa kipini chake cha waya.

Jioni, kabla ya kufunika, fundi hukata kibaka cha kitambaa kisicho na kazi, hukiweka juu ya meno, na kuushusha mguu wa cherehani juu yake. Usiku mafuta yaliyozidi hushuka polepole kwenye sindano, na kibaka huyanywa. Asubuhi kibaka hicho ndicho kinachoshonwa kwanza, mistari miwili au mitatu, mpaka uzi utokee mkavu na safi. Kazi hiyo hupewa mwanafunzi, naye hukigeuza kutazama kama nyuzi zimekutana, kisha huomba kitambaa cha mteja wa kwanza.